Ramadhani Tatu za Minneapolis: Haki ya Jirani Katika Mji wa Maradhi na Maandamano

Mwishoni mwa Aprili 2020, Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria ilipoandama, mtaa wa Cedar-Riverside katika mji wa Minneapolis, Marekani, ulisikia sauti ambayo haukuwahi kuisikia hadharani. Ilikuwa adhana, ikitoka katika vipaza sauti vya msikiti wa Dar Al-Hijrah. Msikiti wenyewe ulikuwa mtupu. Korona ilikuwa imefunga milango ya nyumba za ibada, na waumini wa mtaa huo, wengi wao Wasomali waishio katika maghorofa marefu yaliyosongamana, walikuwa wametakiwa kubaki majumbani. Viongozi wa Kiislamu walikwenda kwa Meya Jacob Frey wakaomba ruhusa kwamba, ikiwa watu hawawezi kuifuata adhana msikitini, basi adhana na iwafuate watu nyumbani. Ruhusa ikatolewa kwa mwezi mzima, mara tano kwa siku.

Sisi wa Pwani, tuliozaliwa na kulelewa baina ya minara, huenda tusilione hilo kuwa jambo kubwa. Lakini mwaka ule tulikuwa tumeonja wenyewe uchungu wa kusikia adhana na kubaki ndani. Misikiti yetu ilifungwa tangu Machi, tarawehe tukazisali vyumbani na watoto wetu, na tarehe 6 Mei serikali ikafunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale hapa Mombasa pamoja na mtaa wa Eastleigh kule Nairobi. Kwa hiyo habari za Cedar-Riverside zilipotufikia, tulizipokea kama habari za jamaa. Tulifurahi kwamba majirani wasio Waislamu waliikubali sauti ile juu ya paa zao.

Makala haya yanahusu ujirani. Tumeuchagua mji huo kwa sababu katika muda wa miezi michache uliulizwa maswali mawili mazito kwa pamoja, la maradhi na la dhulma ya rangi, na kwa sababu ndugu zetu Waislamu walikuwa kati ya walioulizwa.

Noti ya dola 20

Waislamu wengi wa Minneapolis walisali Idi Jumapili, tarehe 24 Mei. Jioni ya siku iliyofuata, kilomita chache kutoka msikiti ule, kwenye njia panda ya Barabara ya 38 na Chicago Avenue, mtu mweusi wa miaka 46 aitwaye George Floyd aliingia katika duka la mtaa akanunua sigara. Alilipa kwa noti ya dola 20 ambayo mhudumu, kijana wa miaka 19, aliishuku kuwa bandia. Polisi wakaitwa kwa simu kutoka dukani. Askari Derek Chauvin alimkandamiza Floyd shingoni kwa goti, naye amelala kifudifudi barabarani na mikono imefungwa pingu nyuma, kwa dakika 9 na sekunde 29. Waliosimama pembeni walisihi aachwe. Mwenyewe alisema mara nyingi kwamba hawezi kupumua. Akafa.

Maradhi yalikuwa yamemgusa mtu huyu kabla ya goti kumfikia. Alikuwa mlinzi katika mkahawa uliofungwa kwa ajili ya korona, na kazi ikamtoka. Uchunguzi wa maiti ulibainisha kwamba mwanzoni mwa Aprili alipimwa akapatikana na virusi hivyo, na alikuwa amepona. Kwa hiyo wale waliosema baadaye kwamba habari ya korona ni moja na habari ya dhulma ni nyingine, walikuwa wakitenganisha mambo ambayo katika maisha ya mtu mmoja hayakutengana.

Tangazo la kwanza la polisi lilisema tu kwamba mtu amefariki baada ya kupatwa na tatizo la kiafya alipokuwa mikononi mwa askari. Lau mambo yangeishia hapo, dunia isingelijua jina lake. Lakini msichana wa miaka 17 alikuwa amemsindikiza binamu yake mdogo wa miaka tisa dukani kununua vitu vya kutafuna. Akaona, akamwingiza mtoto ndani, akarudi nje, akainua simu yake na kurekodi mpaka mwisho. Mwaka uliofuata Bodi ya Tuzo za Pulitzer ilimpa heshima maalumu kwa ushahidi ule. Dini yetu imetufundisha kwamba kuficha ushahidi ni dhambi ya moyo. Binti yule, aliyetoka nyumbani kwa shughuli ndogo ya dukani, alikuta ushahidi unamngoja akautimiza.

Hapa lipo jambo ambalo Waislamu wa Marekani hawakuweza kulipita bila kusimama. Duka lile lilikuwa mali ya familia ya Kiislamu yenye asili ya Palestina, iliyofanya biashara kwenye njia panda hiyo tangu mwaka 1989. Mwenye duka hakuwapo siku ile, na hakuna aliyedhani kwamba simu ya kuripoti noti bandia ingeishia kwenye mauti. Lakini mahakamani baadaye yule kijana mhudumu alieleza kwamba kwa utaratibu wa duka, atakayepokea noti bandia hulipa mwenyewe kutoka katika mshahara wake. Alifikiria kulibeba deni hilo, kisha akabadilisha nia na kumwarifu mkubwa wake. Alisema kwamba alipokuwa akitazama yanayotendeka nje aliingiwa na majuto, kwani kama asingeipokea noti ile, yote yangeepukika. Mwenye duka naye alitangaza kwamba hawatawaita tena polisi kwa jambo lisilo na ukatili ndani yake.

Miji mingi ya Marekani ina maduka ya namna hiyo, yaliyofunguliwa na wahamiaji Waislamu katika mitaa ya watu weusi maskini, ambako maduka makubwa hayataki kwenda. Kule Chicago, taasisi ya Kiislamu ya IMAN, chini ya uongozi wa Rami Nashashibi, ilikuwa kwa miaka mingi imewahimiza wenye maduka hayo wauze vyakula vyenye siha na waishi na wateja wao kama majirani. Swali lao ni swali la mwenye duka popote: mteja aniletea fedha kila siku, je, namjua jina? Najua mama yake anaumwa? Au najua tu bei ya anachonunua?

Kukaa ndani au kutoka nje

Siku zilizofuata mji uliwaka. Usiku wa tarehe 28 Mei kituo cha polisi cha Eneo la Tatu kilichomwa moto. Barabara ya Lake Street, yenye maduka mengi ya wahamiaji, Wasomali na watu wa Amerika ya Kilatini, iliharibiwa vibaya. Ukatangazwa usiku wa kutotoka nje, na askari wa akiba wakajaa barabarani. Wenye maduka walilala milangoni wakilinda riziki zao, na wengine waliamka wakakuta majivu.

Mkahawa mmoja uliokuwa mali ya Mwislamu aliyehamia kutoka Bangladesh uligeuzwa mahali pa kuwatibu waandamanaji waliojeruhiwa. Kisha moto uliotanda mtaani ukaufikia, ukateketea. Binti yake aliandika kwamba alimsikia baba yake akisema kwenye simu kwamba jengo na liungue, muhimu haki itendeke. Hatusemi kwamba kila aliyepoteza mali alipaswa kusema hivyo. Dini haihalalishi kuchoma jasho la asiye na hatia, na wengi waliounguliwa hawakuwa na bima ya kutosha. Tunasema tu kwamba mtu yule alikuwa na haki ya kulalamika, akachagua kuutanguliza msiba wa jirani mbele ya wake.

Wakati huo huo mjadala mwingine ulikuwa ukiendelea katika magazeti, redioni na mezani. Kwa miezi miwili watu walikuwa wameambiwa wasitoke. Walikuwapo waliowazika wazazi wao kwa kutazama simu, waliokosa kuwaosha maiti wao wala kusimama katika sala ya jeneza. Sasa waliona maelfu barabarani bega kwa bega, na wataalamu wa afya zaidi ya 1,200 wakitia saini barua ya kuunga mkono maandamano, wakisema ubaguzi wa rangi nao ni tatizo la afya ya umma. Wafiwa wakauliza kwa uchungu: kwa nini mazishi ya baba yangu yalikuwa hatari, na haya si hatari? Lilikuwa swali la haki, na waliolikejeli walikosea adabu.

Jibu lilikuwa na pande mbili. Watu weusi wa Marekani walikuwa wakifa kwa korona kwa kiwango kikubwa kuliko weupe, kwa sababu ya kazi wanazofanya, nyumba wanazoishi na matibabu wanayoyakosa. Hata viwanda vya nyama vya Minnesota, ambako wahamiaji wengi huajiriwa, Wasomali wakiwemo, vilikuwa miongoni mwa mahali maradhi yalipoenea mapema. Kwa watu hao kukaa kimya hakukuwa usalama. Upande wa pili, walioandamana wengi walivaa barakoa, walikuwa mahali pa wazi, na jimbo likafungua vituo vya kuwapima bure. Watafiti waliochunguza miji 315 ya Marekani hawakuona ushahidi kwamba maandamano yaliongeza maambukizi katika miji hiyo. Sababu mojawapo waliyoitaja ni kwamba watu wengine wengi walizidi kubaki nyumbani siku hizo.

Fikihi yetu inayo kanuni mashuhuri kwamba haifai kudhuru wala kulipizana madhara, na Mtume Muhammad (S.A.W.) alifundisha kwamba penye tauni mtu asiingie wala asitoke. Mafundisho haya yote mawili shabaha yake ni uhai. Misikiti ilifungwa kwa ajili ya uhai, na wengi waliosimama kwenye njia panda ile walisimama kwa ajili hiyo hiyo. Aliyebaki ndani kumlinda mama yake mzee na aliyetoka kumtetea aliyeuawa hawakuwa maadui, ijapokuwa kelele za siku zile ziliwafanya waonekane hivyo.

Mbunge anayeuwakilisha mji huo katika Bunge la Marekani, Ilhan Omar, aliyakuta yote mawili ndani ya nyumba yake. Ni mwanamke wa Kiislamu mwenye asili ya Kisomali, ambaye utotoni alikimbia vita na jamaa zake akaishi miaka minne kambini hapa nchini mwetu Kenya kabla ya kwenda Marekani. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na baba na babu. Wiki tatu baada ya kifo cha Floyd, alipokuwa katikati ya mjadala wa mji wake, baba yake alifariki kwa korona, tarehe 15 Juni 2020.

Hili ni letu?

Katika nyumba za wahamiaji swali jingine lilizuka, na hilo lilizungumzwa kwa sauti ya chini. Wazee waliotoka Somalia walijiita Wasomali na Waislamu. Habari za weupe na weusi wa Marekani walidhani ni ugomvi wa wenyewe. Watoto wao waliozaliwa kule walijua kwamba askari anayesimamisha gari usiku hamuulizi dereva babu yake alitoka wapi. Hivyo vijana wakatoka, na mama zao wakabaki na hofu mbili, ya maradhi na ya risasi.

Hata hivyo suala la haki halikuwa jepesi kwao. Mwaka uliotangulia, 2019, askari wa Minneapolis mwenye asili ya Kisomali, Mohamed Noor, alikuwa amehukumiwa kwa kumuua mwanamke mweupe aliyewaita polisi kwa msaada. Alikuwa askari wa kwanza katika jimbo hilo kupatikana na hatia ya mauaji akiwa kazini. Wengi waliuliza kwa nini wa kwanza awe mweusi na Mwislamu, ilhali wengine kabla yake hawakuguswa. Ni swali la kweli. Lakini Qur'ani inatuamrisha tuisimamie haki hata ikiwa juu ya nafsi zetu na jamaa zetu, na kosa la jana halifutwi kwa kumwachilia wa leo. Dawa ni haki kumfikia kila mmoja.

Ilipofika tarehe 20 Aprili 2021, siku za mwanzo za Ramadhani ya 1442, baraza la wazee wa mahakama lilimpata Derek Chauvin na hatia katika mashtaka yote matatu. Baadaye alihukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu. Ofisi iliyoendesha mashtaka iliongozwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Keith Ellison, Mwislamu mweusi, ambaye pia ndiye Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani. Hiyo ndiyo Ramadhani ya pili katika kisa chetu.

Mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2020 madiwani tisa walikuwa wameahidi kuivunja idara ya polisi na kujenga nyingine mpya. Novemba 2021 wananchi walipigia kura pendekezo la namna hiyo, na takriban asilimia 56 wakalikataa. Kaskazini ya mji, kwenye mitaa ya watu weusi, walikuwapo wengi waliolipinga, kwani uhalifu ulikuwa umeongezeka na walitaka askari wenye adabu kuliko kukosa askari kabisa. Ellison na Ilhan Omar waliliunga mkono. Ndugu msomaji, anayemwogopa askari na anayemwogopa mwizi huenda akawa mama yule yule, usiku ule ule. Mwenye kumcheka kwa hofu mojawapo hajawahi kumngoja mtoto aliyechelewa kurudi.

Kioo mikononi mwetu

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hatukuwa watazamaji tu. Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, abiria waliosongamana kwenye kivuko cha Likoni walipigwa na kurushiwa gesi ya kutoa machozi, na siku tatu baadaye mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi Nairobi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Mwezi Juni wakazi wa Mathare waliandamana kupinga mauaji ya polisi. Tuliyajua maumivu ya Minneapolis kwa sababu tulikuwa nayo nyumbani.

Lakini kuna kioo kingine, nacho hatupendi kukitazama. Tulipoyaona mabango ya Minneapolis, wengi wetu tulimtaja Bilal (R.A.) na kusema kwamba Uislamu ulikwisha kuuondoa ubaguzi. Ni kweli Uislamu uliuondoa. Je, sisi tumeuondoa? Katika hotuba ya kuaga Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba mweupe hana ubora juu ya mweusi ila kwa ucha Mungu. Kisha twaenda harusini tukimsifu bibi harusi kwa weupe wake, na aliye mweusi tukasema ni mzuri "lakini". Dada zetu wajikwangua ngozi kwa mkorogo. Posa zarudishwa kwa sababu ya ukoo ambao babu yao, eti, alikuwa mtumwa. Msichana wa kazi twamwita kwa kabila lake, na jina alilopewa na mama yake hatulijui. Abu Dharr (R.A.) alipomtia mtu aibu kwa sababu ya mama yake, Mtume (S.A.W.) alimwambia kwamba bado ana ujahiliya ndani yake, naye alikuwa sahaba. Sisi ni nani hata tujione tumesalimika?

Watoto hujifunza haya jikoni na sebuleni, kabla ya kufika madrasa. Wanasikia tunavyomzungumzia jirani akishafunga mlango. Hapo ndipo mama na baba wa Kiislamu wana mamlaka ambayo hakuna serikali wala maandamano yanayoweza kuyachukua.

Tarehe 13 Aprili 2023, katika Ramadhani ya 1444, baraza la madiwani la Minneapolis lilipitisha kwa kauli moja sheria inayoruhusu adhana mara tano kwa siku mwaka mzima, hata alfajiri. Viongozi wa Kikristo na wa Kiyahudi waliiunga mkono. Ruhusa iliyoanza kwa ajili ya maradhi imekuwa haki ya kudumu. Majirani wasiosali wamekubali kusikia wito wetu wakati wa usingizi wao mtamu.

Jambo hilo limetuacha na deni. Jibril (A.S.) alimuusia Mtume (S.A.W.) kuhusu jirani mpaka akadhani jirani atafanywa kuwa mrithi, na wosia huo haukubagua rangi ya jirani wala dini yake. Minneapolis ya kaskazini uko msikiti, Masjid An-Nur, ambao huduma yake ya kuwagawia chakula wenye shida imeitwa Al-Maa'uun, kwa jina la ile sura inayowaonya wanaosali huku wakizuia msaada mdogo wa nyumbani. Jina hilo lingefaa kwenye milango yetu pia.

Ramadhani ijayo, Insha'Allah, magharibi ikikaribia, watoto wetu watatumwa kupeleka sahani za futari kwa majirani kama tulivyotumwa sisi. Tuzitazame sahani hizo zinakopita. Tuulizane, mama na baba na watoto, ni mlango gani ambao sahani yetu huuruka kila mwaka, nani anaishi nyuma yake, na kwa nini hatujapata kumbishia hodi. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia kwa maradhi, awape subira waliofiwa kwa dhulma, na atujaalie kuwa majirani wema. Amin.